Matairi makubwa kwenye pikapu: shajara ya gia, difu na spidomita

14 Februari: gari kabla halijaguswa

Pikapu ni ya dizeli, giaboksi ya mkono yenye gia tano, na magurudumu ya mbele huunganishwa kwa liva. Matairi yaliyokuja nayo ni 265/70R16. Difu zote mbili (gia zilizo katikati ya mhimili, zinazogeuza magurudumu), ya mbele na ya nyuma, ni 4.10, yaani shafti inayoingia huzunguka mara 4.10 magurudumu yakizunguka mara moja, na gia ya tano ni 0.85. Nataka kuvaa 285/75R16 kwa sababu njia ninazopita zina makorongo, na mawe yanagonga difu ya nyuma. Wapo wanaoshauri springi ndefu kwa tatizo kama hili. Springi ndefu zinainua bodi na chesisi tu, mhimili wa nyuma unabaki pale pale. Difu ya nyuma haiinuliwi na kitu kingine isipokuwa tairi.

Hesabu ya karatasi ni hii. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita, ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, ya tatu ni rimu kwa inchi. Rimu ya 16 ni milimita 406.4. Tairi la zamani lina ubavu wa 185.5 juu na chini, jumla kipenyo 777. Jipya lina ubavu wa 213.75, kipenyo 834. Ongezeko ni asilimia 7.3, na difu itapanda nusu ya tofauti ya kipenyo, yaani milimita 28. Kwa korongo lenye mawe, milimita 28 si kidogo.

Asilimia hiyo 7.3 ndiyo kiini cha shajara hii. Tairi ni gia ya mwisho kabla ya barabara. Ukiliongeza kimo umebadilisha gia zote za gari kwa mkupuo mmoja, kuanzia ya kwanza hadi ya tano na ya kurudi nyuma, na zote zimekuwa nzito kwa injini kuvuta, kwa kiasi kilekile. Hakuna kilichoguswa ndani ya giaboksi, lakini injini inalijua hilo siku ya kwanza tu.

Kabla ya kufungua nati yoyote nilichukua vipimo, na ninamsihi kila atakayeiga kazi hii afanye vivyo hivyo, maana tairi la zamani likishauzwa huwezi tena kulipima. Kwanza mzunguko halisi: gari likiwa na upepo sahihi na mzigo wa kawaida, weka alama ya chaki kwenye tairi na chini, sukuma gari polepole mpaka tairi lizunguke mara kumi, kisha pima kwa utepe. Nilipata mita 23.72, yaani 2.372 kwa mzunguko mmoja. Karatasi ingesema 2.442. Tofauti inatokana na tairi kubonyea chini ya uzito na kashata (meno ya tairi) kuliwa, na karatasi haijui hayo mawili.

Pili, mizunguko ya injini: kwa kilomita 100 halisi kwa saa katika gia ya tano, mita ilisimama karibu na 2,450 kwa dakika. Tatu, spidomita: ilipoonyesha 100, GPS ilisoma 95. Huo si ubovu. Kanuni namba 39 ya Umoja wa Mataifa inakataza spidomita kuonyesha chini ya mwendo halisi, na inairuhusu kuonyesha zaidi kwa hadi asilimia 10 ya mwendo halisi pamoja na kilomita 4 kwa saa. Kwa hiyo viwanda huziacha zizidishe kidogo. Odomita, kwa upande wake, ilikuwa sahihi kwa tofauti isiyofika kilomita moja kwa mia. Mshale na namba za umbali havikosei kwa kiasi kimoja hata katika gari jipya, na jambo hilo litarudi mbele.

Kuhusu gharama, fedha hubadilika thamani, kwa hiyo kipimo changu ni bei ya tairi moja jipya la saizi niliyonunua. Nikiandika "tairi mbili" maana yake ni fedha zinazotosha kununua matairi mawili.

21 Februari: matairi yamefungwa

Rimu ni zilezile, kufunga ni kazi ya kawaida. Nilinunua matano, kwa sababu gari la magurudumu manne halitaki spea ya saizi tofauti hata kwa safari fupi. Hapo ndipo lilipotokea la kwanza: spea mpya haikuingia mahali pake chini ya kitanda cha nyuma. Kibebeo kinapandisha tairi mpaka ubavu unagusa bomba la ekzosi. Kwa sasa linasafiri juu ya kitanda, limefungwa kwa mkanda.

La pili, ukikata usukani wote huku unarudi nyuma, tairi la mbele linakwaruza plastiki ya ndani ya madigadi upande wa nyuma. Kwenda mbele haligusi. Plastiki ilipashwa moto na kusukumwa nyuma, ukingo wake ukakatwa kwa upana wa vidole viwili, na tatizo likaisha. Jaribu hili gari likiwa na mzigo na gurudumu moja limepanda jiwe. Kwenye sakafu ya gereji kila kitu huonekana kinapita.

Mizani inasema tairi la zamani ni kilo 17 na jipya ni 24. Hizo ni kilo saba zaidi kila kona, tena kwenye ukingo wa kitu kinachozunguka, mahali ambapo uzito unaumiza zaidi kuanza mwendo na kusimama. Breki nazo zimepoteza nguvu kwa karibu asilimia 7, kwa kuwa diski ni ileile na mkono wa tairi, yaani umbali kutoka katikati ya gurudumu hadi barabara, umerefuka. Miguu inalihisi hilo. Nimeongeza nafasi ninayoacha mbele yangu.

Kipimo cha chaki kwa matairi mapya ni mita 25.55 kwa mizunguko kumi, yaani 2.555. Gawanya kwa 2.372 upate 1.077. Ongezeko la kweli ni asilimia 7.7, si 7.3, kwa sababu nimetoka kwenye matairi yaliyolika kwenda kwenye mapya. Namba zote kuanzia hapa zinatumia 1.077.

6 Machi: kuishi na difu ya 4.10

Nilitaka kuona kama gari linaweza kubaki hivi. Difu ya 4.10 ukiigawanya kwa 1.077 inafanya kazi kana kwamba ni 3.81. Gari tupu, barabara tambarare, ni raha: injini inazunguka karibu 2,270 kwa mwendo wa 100 halisi, imetulia, sauti imepungua. Mtu akiishia kwenye safari ya namna hiyo ataona hakuna haja ya kazi zaidi.

Weka mzigo. Kuondoka kwenye mwinuko sasa kunahitaji kuiteleza klachi muda mrefu zaidi, na baada ya kuanza mara kadhaa mfululizo harufu yake inaingia ndani. Gia ya tano haivuti mlima wowote wa maana, na upepo wa mbele peke yake unatosha kukurudisha ya nne. Katika ya nne injini inazunguka zaidi ya ilivyokuwa ikizunguka zamani katika ya tano, kwa hiyo ile raha ya mizunguko michache imeishia kwenye tambarare. Wenye giaboksi ya kujibadilisha hukutana na jambo hilohilo kwa sura nyingine: gia inapanda na kushuka bila kutulia, na mafuta ya giaboksi yanapata joto.

Lililonisumbua kuliko yote ni kushuka. Gia ya kwanza ni 4.3, gia ya mtelemko kwenye giaboksi ya kugawa (inayogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) ni 2.57, na difu 4.10. Ukizizidisha unapata 45.3. Kwa matairi mapya inabaki kama 42.1. Kwenye karatasi ni tofauti ndogo. Kwenye mtelemko wa mawe na gari limebeba, injini haishiki tena gari kama ilivyokuwa. Inakimbia kidogo, mguu unakwenda kwenye breki, na breki zile ndizo tayari zimepungua nguvu. Hapo niliamua kwamba 4.10 itoke.

Kabla sijafunga ukurasa huu, neno kuhusu mafuta, kwa sababu nimesikia wengi wakilalamika kwamba matairi makubwa yanakunywa dizeli. Zamani gari lilitumia lita 9.6 kwa kilomita 100. Baada ya matairi, lita 60 zilinipeleka kilomita 560 za odomita, yaani lita 10.7. Ongezeko hilo ni asilimia 11.6 na linatisha. Lakini odomita inahesabu mizunguko ya propela (shafti inayopeleka nguvu kwenye difu), haihesabu barabara. Kilomita 560 zilizoandikwa ni 603 zilizotembewa, na matumizi ya kweli ni lita 9.95. Ongezeko halisi halifiki asilimia 4. Anayejaza daftari la mafuta bila kuzidisha umbali kwa 1.077 analaumu tairi kwa kosa la namba. Kwa njia hiyohiyo, ukibadilisha oili kila kilomita 5,000 za odomita, kwa kweli unaibadilisha kila 5,385.

Nimebandika kikaratasi pembeni ya dashibodi: ikionyesha 80 ujue ni 82, ikionyesha 100 ujue ni 102. Sasa mshale unadanganya upande wa hatari.

19 Machi: kuchagua uwiano

Kurudisha gari lilivyokuwa kunahitaji 4.10 mara 1.077, yaani 4.42. Difu ya namna hiyo haipo. Uwiano wa difu ni meno ya krauni (gia kubwa ya difu) gawanya kwa meno ya pinyoni (gia ndogo inayoiendesha), na meno hayana nusu. Kwa nyumba ya difu yangu kuna 43 kwa 10, ambayo ni 4.30, na 41 kwa 9, ambayo ni 4.556. Ya kwanza ingeniacha mzito kwa asilimia 2.6 kuliko mwanzo, ya pili ingenifanya mwepesi kwa asilimia 3.2.

Gari linalotembea tupu kwenye lami lichukue 4.30. Hili linabeba na linashuka makorongo, kwa hiyo nimechukua 4.556. Kwa mwendo wa 100 halisi injini itazunguka karibu 2,530, themanini hivi juu ya zamani, na kwenye mtelemko ile hesabu ya 45.3 itakuwa 46.7. Kuna sababu nyingine: sehemu zilizolika za gari hili huongezeka, na mzigo haupungui. Ukikosea kwa difu, kosea upande wa wepesi.

Kwa nyuma nimeagiza krauni na pinyoni mpya, beringi na sili zake: tairi mbili na nusu. Kwa mbele, difu nzima iliyotumika: tairi mbili.

2 Aprili: difu ya mbele si yenyewe

Difu ya mbele ilifika ikiwa imeandikwa kwa rangi nyeupe ubavuni, 4.55. Kabla ya kuinua jeki, fundi aliweka alama kwenye flanji ya pinyoni (sahani inayofungwa kwenye propela) na kwenye shafti za pande zote mbili, akazungusha shafti zote pamoja mara moja kamili na kuhesabu flanji. Ilikwenda mizunguko minne na chini kidogo ya theluthi. Inayotakiwa ni minne na nusu na zaidi kidogo. Tukafungua kifuniko na kuhesabu: 43 na 10. Ni 4.30, na namba hizo zimegongwa kwenye ukingo wa krauni yenyewe, zinasomeka ukifuta oili.

Kama ingefungwa hivyo, gari lingetembea vizuri kabisa kwa magurudumu mawili, wiki hata miezi. Siku ya kuunganisha ya mbele, magurudumu ya mbele yangetaka kwenda karibu mita 106 kila ya nyuma yanapokwenda 100. Kwenye matope, tairi linateleza na kuficha tofauti. Kwenye ardhi kavu hakuna pa kuteleza, kwa hiyo nguvu yote inajifunga ndani ya propela, krosi (viungo vya propela) na cheni ya giaboksi ya kugawa mpaka kimojawapo kikatike. Difu mbili za gari moja lazima ziwe na uwiano mmoja, na rangi iliyoandikwa ubavuni haithibitishi chochote.

Ukihesabu mwenyewe, angalia jambo moja: zungusha magurudumu yote mawili pamoja. Ukishika moja na kuzungusha jingine mara moja, gia za ndani ya difu zinagawa mwendo na flanji itakwenda nusu tu. Njia hiyo nayo ni sahihi, ila zungusha gurudumu hilo moja mara mbili.

Aliyeuza alibadilisha bila kutoza zaidi. Iliyokuja ni 41 kwa 9, tumehesabu.

16 Aprili: mlio wa nyuma

Mbele imefungwa bila shida. Nyuma ilifungwa, ikatembea, na kuanzia kama 60 ikaanza kulia: sauti nyembamba ya muziki wa chuma, inayopanda ukiachia mafuta na kufifia ukikanyaga. Beringi mbovu inanguruma bila kujali mguu uko wapi. Mlio unaobadilika na mguu ni wa meno.

Difu ikatoka. Mchezo kati ya meno ulikuwa ndani ya kipimo cha kitabu cha gari hili, milimita 0.13 hadi 0.18, na ndiyo maana hakuna aliyeshtuka mara ya kwanza. Lakini mchezo peke yake hausemi kina cha pinyoni. Meno ya krauni yakapakwa rangi ya njano ya kupimia, yakazungushwa huku yakizuiwa kidogo kwa kipande cha mbao, na alama ikajitokeza: mgusano ulikuwa umelala chini, karibu na shina la jino, badala ya kukaa katikati. Hiyo ni dalili kwamba pinyoni imeingia ndani mno. Shimu (kipande chembamba cha chuma cha kujaza nafasi) iliyo nyuma ya kichwa cha pinyoni ilibadilishwa kwa iliyo nyembamba zaidi kwa milimita 0.08. Pinyoni ikarudi nje kwa kiasi hicho, mchezo ukapangwa upya kwa nati za pembeni, rangi ikapakwa tena. Alama ikakaa katikati ya jino pande zote mbili, ya kuvuta na ya kuachia.

Sababu ya kosa ilikuwa shimu ya zamani kurudishwa na pinyoni mpya. Kila seti ya krauni na pinyoni hukatwa kivyake, na shimu iliyofaa seti ya 4.10 haina uhusiano na seti ya 4.556. Omba uone alama ya rangi kabla kifuniko hakijafungwa. Ni kazi ya dakika chache, na kurudia kufungua ni kazi ya siku nzima, pamoja na bushi mpya ya kubonyezwa kati ya beringi za pinyoni, kwa kuwa ikishabonyezwa haitumiki tena. Ufundi wote pamoja na kurudia umechukua tairi moja na nusu. Oili ya GL-5 kwa difu zote mbili, ikiwa ni pamoja na ya kumwaga mapema, karibu nusu ya tairi.

Gia mpya zinataka kulelewa. Safari za kwanza ziwe fupi, mwendo wa wastani unaobadilika, kisha gari lipoe kabisa, na lisivute wala kubeba mzigo mzito katika kilomita mia kadhaa za mwanzo. Oili ya kwanza ilitoka na unga laini wa chuma, mithili ya rangi ya fedha. Vipande vingekuwa habari nyingine.

8 Mei: spidomita, mwisho kabisa

Mwezi Machi nilishauriwa nibadilishe gia ya spidomita mara tu baada ya matairi. Gia iliyokuwemo ina meno 33, na kwa 4.10 ningehitaji 33 gawanya kwa 1.077, yaani 30 au 31. Leo ningekuwa naitoa.

Sababu ni mahali spidomita inapochukua habari. Katika gari hili waya wa spidomita unaendeshwa na gia ndogo ya plastiki kwenye mkia wa giaboksi ya kugawa, kabla ya difu. Inahesabu propela. Ukibadilisha tairi unaharibu usomaji, ukibadilisha difu unauharibu tena kwa upande wa pili, na hesabu ya kweli ipo baada ya yote mawili. Magari yanayosoma mwendo kutoka sensa za ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu kukwama wakati wa breki) kwenye magurudumu ni tofauti: hayo hayajali difu, yanajali tairi tu, na marekebisho yake hufanywa kwa kompyuta au kwa kisanduku kidogo kinachobadilisha mapigo ya sensa. Jua gari lako ni la aina ipi kabla ya kununua chochote.

Zamani propela ilizunguka 4.10 gawanya kwa 2.372, yaani mara 1.729 kwa mita. Sasa ni 4.556 gawanya kwa 2.555, yaani 1.783. Imezidi kwa asilimia 3.2, kwa hiyo mshale sasa unazidisha: ukionyesha 100, GPS inasema 92. Gia ya plastiki yenye meno mengi huzunguka polepole. Meno 33 mara 1.032 ni 34.06. Gia ya meno 34 ipo, na bei yake haifiki sehemu ya kumi ya tairi.

Kuifunga ni bolti moja. Fungua waya, chomoa kishikio na gia yake, weka chombo cha kukinga oili kidogo itakayotoka, badilisha na pete ya mpira, rudisha. Idadi ya meno imechapwa kwenye shingo ya gia.

Mshale ukionyesha 100, GPS inasoma 95, kama mwanzo. Odomita kwa safari ndefu ya barabara yenye vigingi vya kilomita imekosea chini ya kilomita moja kwa mia. Kikaratasi cha dashibodi kimetoka.

23 Juni: hali ya sasa

Gari linaondoka kwenye mwinuko na mzigo bila harufu ya klachi, na gia ya tano inavuta tena milima ileile iliyokuwa ikivuta zamani. Kwenye mtelemko injini inashika. Dizeli, kwa odomita iliyo sahihi, ni lita 10.1, juu kidogo ya wakati wa 4.10, kama mizunguko ilivyoahidi.

Difu, ufundi na oili vimefika tairi sita na nusu, zaidi ya matairi matano yenyewe. Anayepanga kununua matairi ya kimo hiki kwa gari la kubeba aweke bajeti mara mbili na ushee tangu siku ya kwanza, au achague 265/75R16, ambayo inaongeza asilimia 3.4 tu na difu ya 4.10 inaivumilia.

Yaliyobaki: kibebeo cha spea cha kufunga nyuma ya kitanda, na pedi za breki za mbele zenye mshiko zaidi. Kipimo cha chaki kitarudiwa kashata zikifika nusu, kwa kuwa tairi likiliwa linafupika na mshale utaanza kupanda tena.